Gari lilichekwa, mashine zikasahaulika

Novemba 2023, serikali ilipotaja mashirika 11 ya umma iliyotaka kuyauza, Wakenya walipigania jumba moja. KICC, jumba la mikutano la Nairobi lililofunguliwa 1973 na ambalo picha yake imo kwenye noti zetu, lilizua hasira kutoka Bungeni hadi vibanda vya chai. Chama cha ODM kikakimbilia kortini, Mahakama Kuu ikasimamisha mpango huo, na mwaka uliofuata ikaitangaza sheria yenyewe ya ubinafsishaji ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Katika orodha ileile kulikuwa na jina ambalo karibu hakuna aliyelipazia sauti: Numerical Machining Complex.

Litaje jina hilo katikati ya jiji na utaulizwa ni kampuni ya nchi gani. Taja Nyayo Motors, na mtu yeyote wa makamo ataanza kucheka. Ni shirika moja. Karakana zake ziko katika eneo la karakana kuu za reli, si mbali na stesheni ya Nairobi, na ndimo zilimo mashine za CNC, zile zinazokata chuma kwa kufuata tarakimu badala ya jicho na mkono wa fundi. Ndizo zilizobaki baada ya ndoto ya gari la Kenya kuvunjika, na naamini kicheko chetu kimezidhuru kuliko uhaba wa pesa.

Jiji hili lilizaliwa na reli mwaka 1899, na kwa miongo mingi karakana za reli ndizo zilizokuwa shule kubwa ya chuma nchini. Hapo ndipo zilipotunzwa injini 34 za mvuke za aina ya 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, majitu yenye uzito wa tani 250 hivi kila moja. Kipuri kilipovunjika hakikusubiri meli. Kilisubuliwa na kukerezwa papo hapo. Kwa hiyo Rais Daniel arap Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari la Kenya, hata likiwa baya kwa sura na la polepole, hakuwa anaomba muujiza. Thika, Nairobi na Mombasa tayari kulikuwa na viwanda vya kuunganisha magari yaliyoletwa vipandevipande kutoka ng'ambo. Swali lilikuwa kwa nini tuishie kukaza nati za wenzetu.

Chuo kiliungana na Shirika la Reli, Kenya Polytechnic na wanajeshi. Magari matano ya majaribio yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yakafikia kasi ya kilomita 120 kwa saa.

Halafu ikaja Kasarani. Mnamo 27 Februari 1990, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 ulifunguliwa ili Rais ayazindue magari hayo mbele ya taifa. Mwezi huo nchi ilikuwa na jeraha bichi. Mnamo 16 Februari mwili wa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, ulikuwa umepatikana Koru, na vijana walikuwa wameingia barabarani wakidai ukweli. Ndani ya hali hiyo wahandisi walitakiwa waoneshe ushindi. Walileta magari yao, Rais akayazindua, wakashangiliwa.

Hadithi inayopendwa mjini kuhusu siku ile, hata hivyo, ni ya gari kugoma kuwaka. Nimeisikia kwenye matatu, kwa kinyozi, na kutoka kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa 1990. Kila msimulizi huongeza lake: gari lilizimika, lilisukumwa na askari, lilitoa moshi. Siijali sana hadithi yenyewe. Gari la majaribio ni la kujaribiwa, na kuzima ni sehemu ya kujaribiwa. Ninachojali ni kwamba baada ya hapo tuliacha kuuliza swali la maana, yaani magari hayo yangetoka vipi matano hadi elfu tano.

Gari moja unaweza kulitengeneza kwa tupa na subira. Fundi hodari atakereza kipande, akipime, akirudishe, akikereze tena hadi kikubali kuingia mahali pake. Kwenye magari elfu moja ufundi huo haufai kitu, kwa sababu pistoni ya gari la kwanza lazima iingie kwenye silinda ya gari la mia saba bila kubembelezwa, na tofauti inayoruhusiwa ni nyembamba kuliko unywele. Marekani ilikuwa imeliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1952 wahandisi wa MIT walionesha mashine ya kukata chuma iliyosoma amri zake kwenye utepe uliotobolewa. Huko Japani, Fujitsu ikaifuata njia hiyo chini ya Seiuemon Inaba, na kampuni iliyotokana na kazi yake, Fanuc, ikaacha nguvu ya mafuta na kuingia kwenye mota za umeme za servo mara baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970. Kenya ilipojiandaa kujenga gari lake, mashine za aina hiyo ndizo zilizokuwa mlango wa kuingilia. Wakosoaji wa wakati ule waliona gari peke yake. Wahandisi walijua kwamba wanachohitaji kwanza ni mashine zinazozaa mashine nyingine.

Pesa hazikuja. Nyayo Motor Corporation ilikuwa na mpango wa viwanda 11, lakini Novemba 1991 wafadhili walifunga mkono wakidai mageuzi ya kisiasa, shilingi ikaporomoka, na milango ilipofunguliwa kwa biashara huria magari yaliyokwisha kutumika Japani yakafurika mjini. Hakuna gari la Nyayo lililofika dukani. Shirika likabadilishwa jina, likabaki na mashine zake na tanuri lake la kuyeyushia chuma, likawa linatengenezea viwanda vya humu nchini vipuri.

Ili nielewe kilichobaki ni kitu gani hasa, nilimtafuta mzee mmoja wa Kawangware, fundi wa stima za viwandani aliyesoma Kenya Polytechnic miaka ya 1980. Hakuwahi kuajiriwa na Nyayo Motors, lakini maisha yake yote amefufua mashine za servo. Nilimkuta katika karakana karibu na Dagoretti Corner, mbele ya mashine ya Kijapani iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Nilidhani angenionesha visu na meza ya kukatia. Akaniambia, “Kijana, hapa huku nyuma,” akafungua kabati la umeme.

Ndani, kila kitu kilikuwa kimelala kwenye mistari. Juu kulikuwa na swichi kuu na saketi breka. Kando yake transfoma nzito, kwa sababu stima yetu ya awamu tatu ni volti 415 na mitambo ile ilizaliwa kwa volti 200. Ukiiunganisha moja kwa moja, umeichoma kabla hujasema bismillahi. Chini yake kontakta, iliyofungamanishwa na kitufe chekundu cha dharura. Ukikibonyeza, nguvu ya mota inakatika, lakini ubongo wa mashine unaendelea kulishwa na volti 24 za pembeni, ili ukumbuke ulipofika na uweze kueleza kilichotokea.

Kisha draivu, moja kwa kila mhimili, na hapo mzee akapunguza mwendo. Kila mota ya servo ina kebo mbili. Nene hupeleka nguvu. Nyembamba hurudisha habari kutoka kwa enkoda, kifaa kilicho mkiani mwa mota kinachohesabu vipande vidogo sana vya kila mzunguko. Draivu hulinganisha mahali mota ilipoambiwa iwe na mahali ilipo, ikasahihisha, ikalinganisha tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Ukizilaza kebo hizo mbili pamoja kwenye njia moja, kelele za umeme za ile nene huingia kwenye ile nyembamba, na draivu huanza kusahihisha makosa yasiyokuwepo. Mashine hutetemeka, au husimama na kuwasha taa ya hitilafu, na mwenye kiwanda huitisha mota mpya ya bei ghali ilhali ugonjwa uko kwenye waya. Mzee alizitenganisha kwa upana wa kiganja. Zilipolazimika kupishana alizipitisha kwa pembe mraba, na wavu wa shaba unaoifunika kebo ya enkoda akaubana kwenye kipande cha chuma kilichoungwa na ardhi. Kila ncha ya waya ilikuwa na kikofia chake cha shaba na namba yake, na namba hiyohiyo ilikuwa upande wa pili. Asiyeweka namba, alisema, anamtukana fundi atakayekuja baada yake.

Akanionesha pia betri ndogo nilizokuwa nimezipita bila kuziona. Moja hutunza kumbukumbu ya mashine: vipimo vyake, mipaka yake, jinsi inavyojijua. Nyingine hukumbusha enkoda mashine imesimama wapi. Zinabadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukiizima kwa miezi mingi na betri zikafa, unapoiwasha hukuti kitu. Chuma ni kizima, mota ni nzima, lakini mashine haijui tena ni mashine gani. Amewahi kuitwa mahali akakuta mashine ya mamilioni imeandikwa chakavu, na kilichokufa ni betri ya bei ya chakula cha mchana.

Mashine za namna hii haziuawi na uzee, huuawa na kuachwa. Zinataka mtu aziwashe, abadilishe betri kwa ratiba na atunze michoro ya nyaya, na mtu huyo lazima alipwe na afundishe mwingine kabla hajastaafu. Taifa lililozinunua likaishia kuzicheka limewaachia mafundi wachache mzigo ambao ungekuwa wa shule, viwanda na wizara. Naona fahari kubwa zaidi kwenye kabati moja lililopangwa sawasawa kuliko kwenye hotuba zote za ajenda ya viwanda nilizozisikia.

Miaka ya karibuni imeleta mambo yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana yake ya uvumbuzi, Fab Lab, na kwenye Ngong Road, katika jengo la Bishop Magua ilikokuwa iHub, Gearbox ilianza kuwapa vijana vyombo vya kuundia. Maseremala nao wameingiza mashine za CNC za kuchonga milango na vitanda. Wanaozitengeneza huenda Luthuli Avenue kutafuta rilei na vyanzo vya volti 24, na wengi wamejifunza kwenye simu.

Kenya Polytechnic leo ni Technical University of Kenya, na mwanafunzi akitoka lango lake la Haile Selassie anaweza kutembea kwa miguu hadi eneo la karakana za reli. Mzee hapingi kuuzwa kwa Numerical Machining Complex wala hakutetei. Anachotaka kifanyike kabla mthamini yeyote hajaingia na karatasi yake ya bei ni kazi ya wiki chache: kila kabati lifunguliwe, betri zikaguliwe, kumbukumbu za kila mashine zinakiliwe mara mbili, na michoro ya nyaya ipigwe picha. Pasipo na mchoro, uchorwe upya waya kwa waya na wanafunzi wa chuo hicho, wakisimamiwa na fundi anayezijua mashine hizo. Karatasi ya bei itahesabu ardhi, mapaa na tani za chuma. Mnunuzi akiyapata hayo bila kumbukumbu na michoro, atakuwa amenunua uwanja, na sisi tutakuwa tumeuza karakana bila kulipwa.