Mshtaki Binafsi na Mlango wa Rufani

Mtu aliyepigwa au aliyedhulumiwa mali, akaenda mahakamani mwenyewe na mashahidi wake, kisha akamsikia hakimu akitamka kuwa mshtakiwa yu huru, hana budi kuuliza: je, shauri langu limekwisha hapa? Katika Bara Hindi swali hilo lilikaa karibu miaka mia moja kabla ya kupata jibu la kumridhisha muulizaji.

Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya 1861 ilikataza kabisa rufani juu ya hukumu ya kumwachilia mtu. Mwaka 1872 Serikali ikajifungulia mlango. Raia akabaki nje. Sababu yake haijifichi. Jinai ilihesabiwa kuwa ni kuvunja amani ya dola, wala si deni baina ya watu wawili. Tena aliyekwisha kuokoka asiachwe mikononi mwa hasimu mwenye fedha na chuki, ambaye angemburura toka mahakama hii hata ile. Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Lakini ilisahau kwamba kesi nyingi hazikuletwa na polisi hata kidogo. Zilifunguliwa na watu kwa malalamiko yao wenyewe, na Serikali, ambayo pengine haikuwa na habari nazo, ndiyo iliyoshika peke yake ufunguo wa rufani.

Bunge la India huru lililirekebisha jambo hilo mwaka 1955. Mlalamikaji aliyefungua kesi mwenyewe akaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu, ila kwanza aombe ruhusa maalumu, na aiombe ndani ya siku 60. Sheria ya 1973 ikauhifadhi mpango huo katika kifungu cha 378, ikimpa mlalamikaji aliye mtumishi wa Serikali miezi 6, na mtu wa kawaida siku 60 zile zile. (Kwa nini mwenye ofisi na makarani apewe muda mara tatu ya mkulima, ni vigumu kueleza.) Tena liko sharti kali zaidi: ruhusa ikinyimwa, hata Serikali haiwezi tena kukata rufani juu ya hukumu ile. Hivyo ombi moja lililoshindwa laweza kuufunga mlango kwa wote wawili.

Badiliko kubwa lilianza kutumika tarehe 31 Desemba 2009, mwathiriwa alipopewa haki yake mwenyewe ya rufani. Mwaka 2018, katika shauri la Mallikarjun Kodagali, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba mwathiriwa huyo haombi ruhusa; wa tatu, Deepak Gupta, aliona aombe. Mwaka 2025 mahakama hiyo hiyo ikasema kuwa hata aliyelipwa kwa hundi ikarudishwa na benki ni mwathiriwa.

Sheria za jinai za Bara Hindi zilitumika Tanganyika na Kenya pia, hata zilipoondolewa mwaka 1930. Tanzania ya leo ina desturi yake: mlalamikaji wa Mahakama ya Mwanzo aweza kukata rufani Mahakama ya Wilaya, mshtakiwa wake akiachiliwa. Kesi ikianzia Mahakama ya Wilaya, rufani hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Basi aliyeibiwa kuku hupiga hodi mwenyewe. Aliyeibiwa ghala zima humngoja Mkurugenzi.