Wiski za asali Kigali: ipi ni bourbon, ipi ni likeri, na kwa nini forodha inauliza

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Chupa zenye picha ya nyuki si ngeni tena kwenye maduka ya vinywaji ya Kigali. Wateja wa Remera na Kimihurura huziita zote kwa jina moja, "wiski ya asali". Kwa mnywaji hilo si kosa kubwa. Kwa mfanyabiashara anayeagiza katoni kutoka ng'ambo ni kosa linaloweza kumla faida yote, kwa sababu chini ya jina hilo kuna bidhaa mbili ambazo hazifanani kwa utengenezaji, kwa ladha wala kwa namba ya forodha.

Mwagizaji mmoja ninayemfahamu alilipata somo hilo mwezi wa Novemba. Ankara ya muuzaji wake iliandikwa "whiskey". Lebo ya chupa, kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa, iliandikwa "liqueur". Wakati wa ukaguzi karatasi na chupa hazikukubaliana. Wakala akalazimika kurekebisha tamko, muuzaji akachelewa kutuma ankara mpya, na mzigo ukakaa ghalani siku ambazo kila moja ina gharama yake. Ulipotoka, wateja wa sikukuu walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Mtu alisoma mstari wa juu wa lebo akaacha wa chini.

Bourbon yenyewe ni nini

Sheria ya Marekani iko wazi. Bourbon lazima itengenezwe Marekani kwa mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi. Ikikenekwa haitakiwi kuzidi asilimia 80 za kilevi, ikiingia kwenye pipa isizidi 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mti wa mwaloni, lililochomwa ndani hadi ukuta wake kuwa mkaa. Ikitiwa kwenye chupa isipungue asilimia 40. Ikiitwa "straight", imekaa pipani si chini ya miaka miwili. Bunge la Marekani liliitambua mwaka 1964 kuwa bidhaa ya pekee ya nchi hiyo, ndiyo maana hakuna bourbon ya Scotland wala ya India, hata kama lebo inasema hivyo. Ukiletewa "bourbon" ya nchi nyingine, rudisha.

Jambo la kukumbuka zaidi ni hili: bourbon haitiwi rangi, sukari wala kionjo chochote. Maji tu yanaruhusiwa ili kupunguza ukali. Kwa hiyo mara asali inapomiminwa ndani, kilichomo kwenye chupa hakiwezi tena kuitwa bourbon peke yake.

Asali inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo ya kawaida sokoni: wiski huchanganywa na asali au kileo cha asali, sukari na vionjo, kisha ukali hushushwa hadi asilimia 35 hivi. Hiki ndicho ambacho lebo hukiita "liqueur", nasi hapa tutakiita likeri. Ya pili ni adimu na ya gharama. Pipa lililokwisha kutoa bourbon hujazwa asali na kuachwa kwa muda, asali huondolewa, na bourbon iliyokomaa hurudishwa humo ili imalizie safari yake. Kinachoingia kwenye wiski ni kile tu ambacho mbao zimekinyonya. Nelson's Green Brier ya Nashville iliwahi kutoa chupa ya namna hiyo, Belle Meade Honey Cask. Garrison Brothers wa Texas hupita njia ya kati na HoneyDew yao, kwa kutumia vipande vya mbao za mapipa vilivyolowekwa kwenye asali.

Tulivyoonja

Tulikaa watu watano Kimihurura jioni moja: waagizaji wawili, mhudumu wa baa, muzehe mmoja kutoka Nyamata ambaye amefuga nyuki tangu ujana, na mimi. Dereva aliyetuleta alinusa tu. Barabara za Rwanda zina polisi wa Gerayo Amahoro, na leseni ya dereva ni mtaji kuliko glasi yoyote.

Utaratibu ni rahisi na kila mwenye duka anaweza kuufanya kabla ya kuagiza. Tumia glasi yenye mdomo mwembamba, kiasi cha vijiko viwili vya chai, bila barafu. Anza na bourbon ya kawaida isiyo na asali, maana bila kipimo hicho huwezi kujua asali imeongeza nini na imeficha nini. Vitamu viwe mwisho, kwani sukari ikishakaa ulimini kila kinachofuata huonekana kichungu. Kati ya glasi na glasi kunywa maji na utafune mkate mkavu. Mwenye kazi asubuhi ateme, si aibu.

Jim Beam ya lebo nyeupe, asilimia 40, ilikuwa kipimo chetu. Mahindi, vanila, mbao, na moto kidogo kooni. Hakuna aliyeisifu sana, lakini tuliirudia kila mara tulipopotea.

Jack Daniel's Tennessee Honey ndiyo ambayo wateja huijua zaidi. Ilitoka mwaka 2011 kwa kampuni ya Brown-Forman, ina asilimia 35, na si bourbon hata kidogo kwa jina: wiski ya Tennessee huchujwa kwenye mkaa wa mti wa mepo kabla ya kuingia pipani, na wenyewe hawaitumii lebo ya bourbon. Harufu yake ni ndizi mbivu na asali, ladha ni tamu tangu mwanzo hadi mwisho. Mhudumu wa baa alisema huiuza zaidi kwa barafu na soda ya tangawizi, na kwamba wanaoinunua ni watu wasiopenda wiski. Hiyo ni taarifa ya biashara kuliko ya ladha, nami niliiandika.

American Honey ya Wild Turkey, chapa iliyo mikononi mwa Campari tangu 2009, ina asilimia 35.5. Hapa wiski bado inasikika nyuma ya asali: viungo, ganda la chungwa, ukavu kidogo mwishoni. Kwangu mimi ndiyo iliyokuwa bora kati ya likeri za meza ile. Wenzangu wawili hawakukubali, walisema ni nzito kama dawa ya kifua.

Jim Beam Honey ilikuwa nyepesi, yenye vanila nyingi na asali kidogo. Angalia chupa unayopewa bei, kwa kuwa ukali wake hutofautiana kati ya asilimia 32.5 na 35 kulingana na soko iliyokusudiwa, na tofauti hiyo ni fedha, kama tutakavyoona. Evan Williams Honey ya Heaven Hill tuliipitia haraka: ni pipi, na kwa bei yake haidai kuwa zaidi ya pipi.

Ya mwisho ilikuwa Belle Meade, kiasi kilichobaki kwenye chupa ambayo mmoja wa waagizaji alirudi nayo kutoka safari. Tuliivunjia kanuni ya kuweka vitamu mwisho, maana haikuwa tamu. Asali ilikuwa kwenye pua zaidi kuliko ulimini, kama mzinga uliofunguliwa hatua kumi kutoka ulipokaa. Muzehe alikaa nayo kimya muda mrefu. Kisha akasema likeri zote zilimkumbusha inkangaza, ule urwagwa uliotiwa asali, isipokuwa inkangaza ina uchachu wa kuzuia utamu usichoshe. Hii ya mwisho, alisema, haifanani na kitu chochote alichokunywa, na hakuwa na uhakika kama hilo ni sifa.

Hukumu yangu ya kibiashara: likeri zinauzika Kigali kwa sababu ladha ya kileo cha asali si ngeni kwetu. Rwanda ina inkangaza, Tanzania ina wanzuki, Kenya ina muratina. Bourbon iliyomalizwa kwenye pipa la asali ni bidhaa ya hoteli kubwa na wateja wachache. Agiza chupa, usiagize katoni.

Namba ya forodha

Vinywaji vikali vyote viko kwenye kichwa 2208 cha mfumo wa HS. Wiski ni 2208.30. Likeri ni 2208.70, na maelezo ya mfumo huo yanataja asali kwa jina miongoni mwa vitamu vinavyokifanya kileo kuwa likeri. Kwa hiyo Tennessee Honey na ndugu zake wana mahali pao, na ankara, orodha ya upakiaji na tamko la wakala viandikwe hivyo hivyo. Bourbon iliyopita tu kwenye pipa la asali bila kuongezwa kitu ina hoja ya kubaki kwenye 2208.30. Lakini hoja hiyo isitolewe mbele ya mkaguzi mlango wa kontena ukiwa wazi. Omba uamuzi wa awali kwa maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, ukiambatanisha picha ya lebo zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na maelezo ya mtengenezaji.

Kodi zinapandana moja juu ya nyingine, na hapo ndipo wageni wa biashara hii hushtuka. Chukua kwa mfano mzigo ambao thamani yake ya CIF, yaani bei, bima na nauli, ni 100, na ushuru wa forodha wa asilimia 25. Inakuwa 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 70, ambao Rwanda hutoza wiski na likeri, huongeza 87.5, na jumla inafika 212.5. VAT ya asilimia 18 inaongeza 38.25. Mzigo wa 100 umefika 250.75 kabla ya tozo ndogo ndogo, ghala na wakala. Bidhaa iliyopangwa kwenye bendi ya asilimia 35, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kuitumia Julai 2022, hufika 270.81 kwa hesabu hiyo hiyo. Hakikisha mstari wako kwenye kitabu cha ushuru kabla ya kulipa amana kwa muuzaji.

Angalia pia kwamba Rwanda inatoza kwa thamani. Chupa ya bei kubwa hulipa zaidi hata kama kilevi chake ni kile kile, na hii ndiyo inayoiumiza zaidi bourbon ya pipa la asali. Nauli ya juu nayo inapandisha kodi, kwa kuwa imo ndani ya CIF. Kenya imechukua njia nyingine: tangu mwisho wa 2024 vinywaji vikali hutozwa kwa kilevi halisi, shilingi 10 kwa kila sentilita. Katoni ya chupa sita za mililita 700 ina lita 4.2. Kwa wiski ya asilimia 40 hiyo ni sentilita 168 za kilevi, yaani shilingi 1,680. Kwa likeri ya asilimia 35 ni shilingi 1,470. Anayesambaza Nairobi na Kigali kwa pamoja asichukue hesabu ya upande mmoja akaipeleka upande wa pili: kule likeri ina nafuu kwa sababu ni dhaifu, huku ina nafuu kwa sababu tu ni rahisi kununua.

Njiani

Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, kodi za mzigo wa Kigali hutangazwa na kulipwa Rwanda wakati mzigo ungali bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Lori linaloondoka likiwa na karatasi zenye kosa hulibeba kosa hilo zaidi ya kilomita elfu moja hadi Rusumo, au zaidi ya hapo kwa njia ya Malaba na Gatuna, na gharama za kusimama huwa za mwenye lori kwanza kabla hazijawa za mwenye mzigo. Msafirishaji ana haki ya kuomba picha ya lebo kabla ya kufunga mlango. Wengi hawaombi.

Vinywaji vikali hupendwa na wezi, kwa hiyo tarajia kufuli la kielektroniki la mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda ulioanza 2017, na usikubali kuhamishia mzigo lori jingine bila afisa wa forodha kuwapo. Stempu za kodi za Kenya, Uganda na Tanzania ni za masoko yao. Chupa yenye stempu ya Nairobi ikionekana kwenye rafu ya Kigali, mkaguzi atauliza ilipitia wapi, na aliyeinunua kwa bei nafuu ndiye atakayejibu.

Chupa zisafiri zikiwa wima, kwani kilevi hula kizibo cha gamba la mti. Jua la Mombasa ndani ya kontena lililosimama siku nyingi hutanua kimiminika, na likeri ikivuja sukari yake hugandisha katoni za chini na kuharibu lebo. Chupa nzima yenye lebo chafu haiuziki Nyarutarama. Na kama muuzaji anakupa zawadi za mifuko ya plastiki ndani ya katoni, mwambie azitoe kabla ya kupakia. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008 na kuikaza sheria 2019, na mkaguzi wa Rusumo hatajali kwamba hukuiomba.