Mambo ya kuzingatia unapomtafuta wakili wa wosia na mirathi

MKAZI wa Githurai 45 anaweza kujinyima kwa miaka mingi hadi akamiliki jengo la vyumba vya kupangisha, kisha akafariki bila kuandika wosia. Papo hapo wapangaji hawajui wamlipe nani kodi, na kila mtoto anadai kuwa ndiye aliyeahidiwa ploti.

Hatari ya hali hiyo haitegemei ukubwa wa mali. Waziri wa zamani Mbiyu Koinange, aliyekuwa mbunge wa Kiambaa, aliaga dunia mnamo Septemba 1981. Mvutano kuhusu mirathi yake, ukiwemo wa nani hasa walikuwa wake zake, ulidumu mahakamani kwa zaidi ya miongo mitatu.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, haimlazimishi mtu kutumia wakili kuandika wosia. Hata hivyo, kosa dogo linaweza kuubatilisha, na kosa hilo hugunduliwa wakati mwenyewe hayupo tena kulirekebisha. Ndiyo maana uchaguzi wa wakili ni jambo la kufanywa kwa utaratibu.

Thibitisha leseni yake

Si kila mwenye ofisi na muhuri ni wakili. Wakili halali ameorodheshwa katika sajili ya mawakili na ana cheti cha kuhudumu ambacho sharti akipate upya kila mwaka. Chama cha Mawakili nchini (LSK) kina sehemu katika tovuti yake ambapo mwananchi anaweza kutafuta jina la wakili na kujua iwapo cheti chake ni cha mwaka huu. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, hasa ikiwa umeelekezwa kwake na dalali wa ploti.

Msikilize anavyouliza

Wakili anayeifahamu kazi hii huuliza kabla ya kuandika. Atataka kujua iwapo una hatimiliki au una cheti cha hisa tu cha kampuni ya kununua mashamba, na iwapo ardhi imesajiliwa kwa jina lako pekee au pamoja na mwenzio. Ataulizia pia akiba yako katika chama cha akiba na mikopo, kwa sababu huko hulipwa yule uliyemteua kwenye fomu ya chama.

Vilevile atakuuliza kuhusu familia yote, wakiwemo watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Maswali hayo yasikuudhi. Sheria inamruhusu mtegemezi aliyeachwa bila fungu la kutosha kwenda mahakamani hata kama wosia upo.

Mtihani mwingine mwepesi ni kumuuliza kuhusu mashahidi. Wosia wa maandishi huhitaji mashahidi wasiopungua wawili. Iwapo mrithi ni mmoja wao, zawadi yake hubatilika isipokuwa pawe na mashahidi wengine wawili wasio na masilahi. Wosia wa mdomo nao hukubalika tu ikiwa aliyeutoa mbele ya mashahidi wawili alifariki kabla ya miezi mitatu kupita. Wakili anayebabaika hapa hakufai.

Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na wosia hauwezi kupita thuluthi moja ya mali. Basi atafutwe wakili mwenye uzoefu katika Mahakama ya Kadhi.

Jihadhari na ahadi za haraka

Baada ya kifo, ombi la usimamizi wa mirathi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Kwa kawaida, miezi sita hupita tangu msimamizi ateuliwe hadi mahakama iidhinishe ugawaji. Kwa hivyo, anayeahidi kubadilisha hatimiliki kwa mwezi mmoja hasemi kweli. Anayekuhimiza kuuza ploti kabla ya uteuzi huo anakuingiza katika kosa la jinai.

Muulize pia kesi itasikilizwa wapi. Hakimu Mkuu anaweza kushughulikia mirathi isiyozidi thamani ya Sh20 milioni, na inayozidi hapo hupelekwa Mahakama Kuu. Kwa wakazi wa Githurai 45, wakili aliyezoea mahakama za Ruiru na Thika huenda akapunguza gharama za usafiri.

Ada na masilahi

Takeni makubaliano ya maandishi yanayotenganisha ada ya wakili na malipo ya mahakama, na mdai risiti kwa kila malipo. Kumbukeni pia kwamba wakili aliyeajiriwa na ndugu mmoja humtumikia huyo ndugu. Panapokuwa na nyumba mbili zinazovutana, kila upande uwe na wakili wake.

Ukidhulumiwa, unaweza kuwasilisha lalama kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyoundwa mwaka wa 1989.

Hatimaye, wosia ukishatiwa saini, muulize wakili utahifadhiwa wapi, kisha umwambie mtu unayemwamini. Pia urudi kwake ukioa au kuolewa, kwani ndoa mpya kwa kawaida hufuta wosia wa awali.