Maboresho ya mita za LUKU mwaka 2024: Kyela na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Maboresho ya mita za LUKU ni kazi ya kubadili ufunguo wa siri uliomo ndani ya mita za umeme wa kulipia kabla, iliyoendeshwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) mwaka 2024 kwa ukomo wa Novemba 24. Wilayani Kyela, mkoani Mbeya, iliwahusu wateja kuanzia mpakani Kasumulu, kupitia mjini Kyela na Ipinda, mpaka Matema chini ya Milima ya Livingstone. Mafundi wa kompyuta wanapozungumzia kupanga ratiba ya kuhuisha programu kwenye seva nyingi, kwa kawaida wanafikiria mashine zinazopokea amri kwa mtandao. Hapa mashine zilikuwa mita, nyingi zisizo na mtandao wowote, na amri ilifikishwa kwa kidole cha mwenye nyumba.

Mita ya kawaida ya LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo) haiongei na seva inayouza umeme. Inachojua ni kusoma tarakimu 20, yaani tokeni, zilizofungwa kwa ufunguo wake. Ndani ya tarakimu hizo mna kiasi cha uniti na muhuri wa muda, yaani idadi ya dakika zilizopita, ambazo kabla ya maboresho zilihesabiwa tangu Januari 1, 1993, siku ambayo mfumo wa tokeni uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini, ulianzia hesabu yake. Mita huhifadhi mihuri ya tokeni ilizokwisha kupokea. Tokeni iliyokwisha tumika, au iliyo ya kale kupita kiasi, huikataa. Bila muhuri huo, karatasi moja ya umeme ingetumika mpaka ichakae.

Muhuri umetengewa biti 24, ambazo hutosha dakika 16,777,216, pungufu kidogo ya miaka 32. Hesabu hiyo ilijaa Jumapili, Novemba 24, 2024. Ikishajaa hurudi sifuri, na tokeni iliyonunuliwa leo asubuhi huonekana mbele ya mita kama ya mwaka 1993.

Dawa iliyokubaliwa ni kuhesabu upya kuanzia Januari 1, 2014. Kwa hiyo mita ilipaswa kufutwa kumbukumbu ya mihuri ya zamani. Lakini kufuta peke yake kungefungua mlango wa wizi: kila aliyetunza karatasi zake za miaka iliyopita angeziingiza tena na kupata umeme wa bure. Ndiyo maana ufunguo wenyewe ulibadilishwa pamoja na kumbukumbu, ili tokeni zote za zamani zigeuke namba tupu. Hii ndiyo sehemu ya akili zaidi katika mpango mzima, ingawa mteja aliona tu kwamba ujumbe wa simu umekuwa mrefu.

Mteja aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili yalibeba ufunguo mpya, uliogawanywa nusu kwa nusu kwa kuwa haukuenea katika tokeni moja. La tatu lilikuwa la uniti. Aliyeanza na la tatu alikataliwa, kwani lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ambao mita haijaupata bado. Kazi ilienda kwa awamu, si nchi nzima kwa siku moja.

Ratiba basi ilikuwa na wenyewe wawili. Shirika liliamua ni lini seva ianze kutoa tokeni za ufunguo. Mnunuzi aliamua ni lini mita yake ifikiwe. Anayenunua umeme wa shilingi elfu moja kila baada ya siku mbili alifikiwa mapema kuliko mwenye uwezo anayejaza wa miezi mitatu. Kwenye nyumba ya kupanga, mita moja vyumba sita, zoezi lilisubiri mchango ukamilike. Halafu kuna wazazi wa vijijini wanaonunuliwa umeme na mtoto aliyeko Dar es Salaam. Zamani mtoto aliwasomea tarakimu 20 kwa simu. Safari hii zilikuwa 60, na mama alisimama mbele ya rimoti ya mita akirudia moja moja, mtandao ulipokatika walianza upya. Miongozo ya kiufundi huizungumzia seva kwa kirefu, lakini mama huyu hayumo, naye ndiye aliyekamilisha kazi.

Mkia wa kazi ulikuwa nyumba zilizofungwa, mita za akiba na fremu za biashara zisizo na mpangaji. Hizo hazikuzimwa na tarehe: uniti zilizokwisha ingizwa ziliendelea kutumika, kilichokwama ni kuongeza nyingine. Tokeni za ufunguo hazina muhuri wa muda, kwa hiyo aliyechelewa angeweza kuziingiza hata baada ya ukomo.

Ng'ambo ya Mto Songwe, shirika la umeme la Malawi, ESCOM, lilikabiliwa na tarehe ileile, kwa kuwa mita zake nazo ni za STS. Mfanyabiashara mwenye duka Kasumulu na ndugu Karonga alisikia tangazo lilelile pande zote mbili.

Hesabu iliyoanzia 2014 nayo itajaa Novemba 24, 2045.