Tramu za Edinburgh na safari ndefu ya kurudi Leith

MNAMO Juni 7, 2023, tramu za abiria zilianza kufika Newhaven, kitongoji cha pwani kilichoko kaskazini mwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Njiani zilipita Leith, bandari ya kale ambayo wakazi wake walikuwa wameahidiwa usafiri huo kwa zaidi ya miaka 15. Kati ya ahadi hiyo na siku ya kutimizwa kwake, barabara yao kuu ilichimbwa mara mbili, reli ilikatizwa katikati ya jiji, na jaji aliteuliwa kuchunguza kilichofanya gharama ya mradi ipite makadirio kwa mamia ya mamilioni ya pauni.

Tramu ni gari la umeme linalopita juu ya reli zilizolazwa barabarani, likipata nguvu kutoka kwa waya ulioning'inizwa juu yake. Huchukua abiria wengi kuliko basi, lakini haliwezi kukwepa kizuizi wala kubadili njia. Kwa sababu hiyo, kila kilicho chini ya barabara, yawe mabomba ya maji, ya gesi au nyaya za simu, sharti kiondolewe kwanza ili mafundi wa baadaye wasilazimike kung'oa reli. Jambo hilo, ambalo abiria halioni, ndilo lililoanzisha masaibu ya Edinburgh.

MIJI MIWILI, MITAMBO MIWILI

Historia ya tramu katika jiji hilo ilianza mwaka 1871, magari yalipokuwa yakivutwa na farasi. Baadaye Edinburgh, jiji lenye milima mingi, ilichagua mtambo wa kamba ya chuma. Kamba hiyo ilizunguka ndani ya mfereji chini ya barabara ikivutwa na injini za mvuke, na gari liliishika ili kusogea. Kamba ilipokwama, magari yote yaliyoitegemea yalisimama.

Leith wakati huo ilikuwa mji uliojitawala. Mnamo mwaka 1905 ilianzisha tramu za umeme. Matokeo yake ni kwamba mahali miji hiyo miwili ilipopakana, katika eneo la Pilrig, magari ya upande mmoja hayangeweza kuendelea upande wa pili. Abiria walilazimika kushuka, mvua inyeshe isinyeshe, na kupanda gari jingine ili kumalizia safari iliyo fupi.

Leith iliunganishwa na Edinburgh mwaka 1920, na mwaka 1922 magari ya umeme yakaanza kuvuka Pilrig bila kusimamishwa na mpaka. Hata hivyo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mabasi yalionekana kuwa nafuu zaidi. Tramu ya mwisho ilisafiri usiku wa Novemba 16, 1956, kisha reli zikang'olewa au kufunikwa kwa lami. Kati ya magari ya umeme ya enzi hiyo, moja, nambari 35, limehifadhiwa katika makavazi ya Crich nchini Uingereza.

NDOTO YA NJIA TATU

Msongamano wa magari ulipozidi, wazo la tramu lilifufuliwa mwanzoni mwa karne hii. Mnamo mwaka 2002 baraza la jiji liliunda kampuni yake iliyoitwa tie kusimamia miradi ya uchukuzi. Njia tatu zilipendekezwa: mzunguko wa kaskazini kupitia Leith na Granton, njia ya magharibi hadi uwanja wa ndege, na nyingine ya kusini mashariki.

Njia ya tatu ilikuwa ya kwanza kuanguka. Ilitegemea ada ambayo wenye magari wangetozwa kwa kuingia katikati ya jiji. Wakazi walipopiga kura ya maoni mwaka 2005, takriban robo tatu walikataa ada hiyo.

Bunge la Uskoti lilipitisha sheria za kuruhusu njia mbili zilizosalia mwaka 2006. Mwaka uliofuata chama cha SNP kilitwaa mamlaka bila wingi wa viti bungeni kikitaka kufuta mradi huo. Vyama vya upinzani viliungana mnamo Juni 2007 na kuushinda msimamo wa serikali. Mradi ukaendelea, serikali ikiahidi kutoa hadi pauni milioni 500 na si zaidi.

KANDARASI ILIYOLETA BALAA

Mnamo Mei 2008 kandarasi ilitiwa saini na muungano wa kampuni za Bilfinger Berger na Siemens za Ujerumani, ambao ulijiunga pia na CAF ya Uhispania, watengenezaji wa magari. Reli ilikusudiwa kutoka uwanja wa ndege hadi Newhaven kwa takriban pauni milioni 545, na abiria wa kwanza walitarajiwa mwaka 2011.

Madiwani waliambiwa kwamba sehemu kubwa ya bei haingebadilika. Lakini kandarasi ilikuwa na orodha ya mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli wakati wa kutia saini, yakiwemo ukamilifu wa michoro na kuhamishwa kwa mabomba kwa wakati. Lolote kati ya hayo likienda kinyume, mjenzi alikuwa na haki ya kudai malipo ya ziada. Michoro haikuwa imekamilika. Mabomba nayo yalikuwa yakihamishwa na mwanakandarasi mwingine, na kazi hiyo ilichelewa sana kwa kuwa mengi yaliyokuwa ardhini hayakulingana na ramani.

Madai yalirundikana kwa mamia. Mwanzoni mwa mwaka 2009 kazi ilisimama katika Princes Street, barabara maarufu kuliko zote jijini, pande mbili zikizozania malipo. Reli zilipolazwa hatimaye, lami iliyozizunguka ilipasuka na sehemu ikabidi irudiwe. Katika Leith Walk, wenye maduka walivumilia mashimo na uzio mbele ya milango yao, kisha mashimo yakafukiwa bila reli hata moja.

Mapatano yalifikiwa kupitia usuluhishi mwaka 2011, na kampuni ya tie ikavunjwa. Mnamo Agosti mwaka huo madiwani walipiga kura reli iishie Haymarket, kituo cha garimoshi kilicho magharibi mwa katikati ya jiji. Siku chache baadaye waligeuza uamuzi huo na kuifikisha York Place. Bajeti mpya ilikuwa pauni milioni 776, na baraza lililazimika kukopa ili kuziba pengo.

Huduma zilianza Mei 31, 2014, miaka mitatu baada ya tarehe ya kwanza. Jiji lilikuwa limepata kilomita 14 badala ya zaidi ya 18. Leith haikuwemo.

MAGARI MENGI, RELI FUPI

Magari yenyewe hayakuwa chanzo cha lawama. CAF iliunda tramu 27 za aina ya Urbos 3. Kila moja ina urefu wa mita 42.8, imegawanyika katika vipande saba vinavyopinda pamoja kwenye kona, na inaweza kubeba abiria 250, wakiwemo 78 walioketi. Sakafu iko chini kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto huingia bila kunyanyuliwa. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Rangi yake, nyeupe na nyekundu iliyokolea, inakumbusha magari yaliyostaafishwa mwaka 1956.

Idadi hiyo ya magari ilikuwa imepangiwa reli nzima hadi Newhaven. Reli ilipofupishwa, jiji lilibaki na magari mengi kuliko lilivyohitaji. Yote hutunzwa katika karakana ya Gogar, karibu na uwanja wa ndege.

Licha ya aibu ya ujenzi, abiria walijitokeza. Karibu milioni 5 walisafiri katika mwaka wa kwanza, na idadi ikaongezeka miaka iliyofuata. Hata hivyo, hatari mpya zilijitokeza. Waendeshaji baiskeli kadhaa waliumia magurudumu yao yaliponasa kwenye reli, na mwaka 2017 mwanafunzi mmoja alifariki katika ajali ya aina hiyo. Mwaka 2018 mtu aliyekuwa akivuka reli kwa miguu aligongwa na kufa. Wachunguzi waligundua kwamba kengele ya tramu haikuwa na sauti ya kutosha, na vifaa vya tahadhari vikaimarishwa.

KUCHIMBA MARA MOJA

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mnamo Machi 2019 madiwani waliidhinisha kilomita 4.7 za kuunganisha katikati ya jiji na Newhaven kwa pauni milioni 207.3. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo utakaolipwa kutokana na nauli.

Safari hii utaratibu ulikuwa tofauti. Sehemu ya barabara ilifungwa mara moja tu, na kazi zote zikafanywa humo kabla ya kufunguliwa: kuhamisha mabomba, kuchunguza mambo ya kale, kulaza reli na kutengeneza kando za barabara. Karibu na kanisa la South Leith, wanaakiolojia walifukua mabaki ya watu zaidi ya 360 waliozikwa kati ya karne ya 14 na ya 17, katika sehemu ya makaburi ambayo barabara ilikuwa imeifunika.

Janga la corona lilisimamisha ujenzi kwa miezi kadhaa mwaka 2020. Hata hivyo, reli ilifunguliwa mwaka uliopangwa na ndani ya bajeti. Vituo vipya vinane vilipatikana, vikiwemo Foot of the Walk, The Shore na Ocean Terminal. Hakuna tramu mpya iliyonunuliwa, kwa sababu yale magari ya ziada sasa yalikuwa na kazi. Tramu hupita Pilrig, mahali abiria wa zamani walipolazimishwa kushuka.

RIPOTI YA JAJI

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2023, Lord Hardie alichapisha ripoti ya uchunguzi ulioanzishwa mwaka 2014. Uchunguzi wenyewe uligharimu takriban pauni milioni 13. Alihitimisha kuwa gharama halisi ya reli ya kwanza ilizidi pauni milioni 830, na kwamba mengi ya yaliyoharibika yangeweza kuepukika. Lawama kubwa aliielekeza kwa tie, ambayo ilisaini kandarasi kabla ya michoro kukamilika. Maafisa wa baraza walilaumiwa kwa kutowapa madiwani habari kamili. Mawaziri nao walilaumiwa kwa kuwaondoa wataalamu wa wakala wa uchukuzi wa serikali katika usimamizi wa mradi uliotumia fedha za umma. Ripoti ilitoa mapendekezo 24.

Mapendekezo hayo yana kazi ya kufanya, kwani jiji linataka kujenga tena. Mnamo mwaka 2025 baraza lilikusanya maoni ya wananchi kuhusu njia ya kutoka Granton, kaskazini, hadi hospitali kuu iliyoko kusini mashariki, upande ule ule ulioachwa baada ya kura ya mwaka 2005. Ubishi mkubwa ulihusu Roseburn, ambako reli ya kale ya garimoshi imegeuka njia ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Wapo wanaosema ndiyo njia rahisi ya kupitisha tramu, na wapo wanaotaka miti yake isiguswe na tramu ipite barabarani.

Vyovyote itakavyoamuliwa, wakazi wa Leith Walk wanaweza kuwaeleza wenzao tofauti kati ya barabara inayochimbwa mara moja na inayochimbwa mara mbili.