Mbiru: Somo la Subira Kutoka Same



Wapendwa, safari ya uhuru wetu haikuanza mwaka 1961. Mwezi Januari 1945, miaka tisa kabla ya TANU kuzaliwa, maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga mbiru: kodi iliyopimwa kwa mali ambayo mtu alikisiwa kuwa nayo. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao. Wakakaa hapo miezi mingi bila silaha. Kule Usangi akina mama nao wakaandamana, wakidai waume zao warudi nyumbani. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Nasi tujiulize: tunapoona dhuluma kijijini, je, tunanung'unika pembeni, au tunasimama pamoja, kwa subira na bila chuki?