Kwa nini maji ya kisima hugeuka mekundu ndooni

Wasikilizaji wetu hutuuliza: maji yametoka kwenye pampu yakiwa meupe, mbona baada ya muda ndooni yana rangi ya kutu? Pengine bomba limeoza. Lakini kazi hiyo inaweza kuwa ya bakteria walio chini ya ardhi, mahali pasipo na oksijeni.

Sisi binadamu tunavuta oksijeni. Bakteria hawa, wakiikosa, hutumia kutu iliyomo kwenye tope. Kutu huyeyuka, chuma kikaingia majini bila kuonekana. Maji yakikutana na hewa, chuma hugeuka tena kutu. Mmoja wao, Geobacter, alipatikana mwaka 1987 katika tope la mto Potomac, Marekani.

Chuma hicho huchafua nguo nyeupe na kuifanya chai iwe nyeusi, hilo tunalivumilia. Bangladesh mambo yalikuwa mazito. Kule kutu ya ardhini ilikuwa imeshikilia sumu ya aseniki. Bakteria walipoiyeyusha, sumu ikaachiliwa kwenye visima vinavyotegemewa na mamilioni ya watu. Aseniki haina rangi wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Hujulikana kwa kupima tu.